Kasi ya Baba Apiyo

Nilimtambua Mumbua kwa mgongo. Alikuwa amekaa safu moja mbele yangu katika ibada ya kumuaga Baba Apiyo, chini ya hema la kukodi karibu na Olympic, pale Kibera, kabla mwili haujaanza safari ya kwenda kwao ziwani. Alikuwa amejikunja kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwenye viatu vyake. Hivyo ndivyo alivyokaa mbele ya kompyuta mwaka mzima tuliofanya kazi pamoja, na nilimwambia mara nyingi kwamba atazeeka na kibyongo. Hakupata kibyongo. Amepata miwani, na mvi kidogo juu ya masikio ambazo hajihangaishi kuzipaka rangi. Nilipomgusa bega akageuka, akasema, "Adhis," jina ambalo hakuna mtu mwingine anayeniita siku hizi, tukashikana mikono hapo hapo huku mchungaji akiendelea kuomba. Tulikuwa tumepotezana kwa miaka mingi, yeye akifundisha kompyuta Machakos, mimi nikiendesha maisha yangu huku Nairobi. Sikio moja nikampa mchungaji. La pili lilikuwa limeshanitoroka, limerudi Kawangware, kwenye ofisi ya mbao iliyonukia mkate.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma katika ploti moja pale Kawangware 56, nyuma ya duka la hardware. Kampuni ilikuwa ndogo: pikapu chache zilizochoka, za kusambaza mkate na maziwa ya pakiti madukani kuanzia Kawangware mpaka Kibera. Mwenye kampuni tulimwita Mkubwa, naye alikaa upande wa pili wa ukuta wa plywood uliokuwa mwembamba kiasi kwamba alipokunywa chai tulisikia inavyoshuka. Mimi nilikuwa karani wa kupanga safari za magari. Mumbua aliletwa katikati ya mwaka wa elfu mbili na saba kwa ajili ya kompyuta, ambayo kabla yake ilikuwa pambo tu, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya waridi. Alikuwa msichana wa Kitui, mwembamba, mwenye viatu vya raba vya wanaume, na kitu cha kwanza alichofanya ni kukikunja kile kitambaa na kukitia kwenye droo. Akasema kompyuta si kochi. Nilimpenda kuanzia hapo.

Mkubwa alikuwa amenunua vifaa vya kufuatilia magari. Havikuwa vya kampuni kubwa zinazokuonyesha gari likitembea kwenye kioo; hizo hakuziweza. Vyake vilikuwa vidude vyeusi vinavyochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara ndani ya gari, na madereva waliviita kupe kwa sababu viling'ang'ania hapo vikinyonya siri zao. Kila sekunde kumi kupe aliandika mstari mmoja: saa, na mahali gari lilipo, yaani latitudo na longitudo. Basi. Jioni unamchomoa, unamuunga kwenye kompyuta kwa waya, anatapika mistari elfu na zaidi. Mkubwa aliitazama mistari ile mara ya kwanza akauliza kasi iko wapi. Yeye alitaka kujua nani anakimbiza magari yake, maana alikuwa ametangaza kwamba dereva atakayepita kilomita themanini kwa saa atakwenda nyumbani. Mumbua akamwambia kasi haimo humo, inabidi itafutwe. Akaitafuta. Programu aliiandika mwenyewe, kwa lugha aliyojifunza kwenye cyber kwa kitabu kilichopoteza jalada.

Mpaka leo nikieleza jambo lolote gumu huwa naazima maelezo aliyonipa siku moja tukila githeri ya mchana. Alichukua punje mbili za maharagwe akaziweka mezani mbali mbali. Akasema gari lilikuwa hapa, halafu likawa pale. Hicho tu ndicho kupe anachokijua. Mwendo hajauona, wala hakuna aliyeuona. Wewe ndiye unapima umbali kati ya punje na punje, unagawanya kwa muda uliopita, halafu unasema mwenyewe kilichotokea hapo katikati. Akaongeza kwamba sisi tuna bahati ya kukaa karibu na ikweta, kwa sababu nyuzi za kwenda kaskazini na za kwenda mashariki zina urefu karibu sawa, hesabu inakuwa rahisi. Kisha akala yale maharagwe. Nilikuwa nimemaliza shule nikiamini kwamba hisabati ni adhabu, na hapa palikuwa na mtu anayeila.

Baba Apiyo ndiye aliyekuwa na njia ya Kibera. Alikuwa dereva wa makamo, mnene, mpole, mwenye kofia ya sufi hata jua likiwaka, na pikapu yake kuukuu ilipanda mlima ikilia kiasi kwamba watu waliijua kabla haijafika. Wenzake walimtania kwamba konokono wa Kibera wamemshtaki kwa kuwachelewesha. Yeye alicheka tu. Alikuwa na kawaida ya kutuletea ndizi za kuiva siku ya Ijumaa, na kwa Mumbua alizoea kusema, "Msomi, kupe wangu ameshiba?"

Ukaja uchaguzi, na baada yake ile Januari. Sitaieleza yote, aliyekuwepo anaikumbuka na asiyekuwepo ameambiwa. Kwangu mimi ilikuwa hivi: matokeo yalipotangazwa nilikuwa Kawangware, na chumba changu kilikuwa Kibera, na kati ya hapo na pale kulikuwa na moshi. Mumbua akanichukua kwake. Alikuwa na chumba kimoja cha mabati katika ploti ya vyumba vingi, kitanda, jiko la makaa, na rafu ya vitabu iliyotengenezwa kwa kreti za maziwa. Tulikula muthokoi wiki nzima, yale mahindi ya Wakamba yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, mpaka nikaanza kuyaota. Nilimwambia kwamba vita vikiisha nitampikia omena, dagaa wa kwetu ziwani. Akaniambia hawezi kula kitu kinachomtazama. Asubuhi ya pili au ya tatu nilikuwa ndani nikikunja blanketi, nikamsikia jirani akimuuliza kwenye kamba ya nguo mgeni wake ni wa wapi, yaani wa kabila gani. Mumbua akajibu kwamba ni dada yake. Jirani akasema hamfanani. Sauti ya Mumbua haikupanda wala kushuka. "Yeye alifuata baba," akasema, na nikasikia akikung'uta nguo nyingine kuianika. Nilikaa kwenye kitanda chake nikalia. Siku hizo swali lile liliulizwa kila kona, na wengi waliokuwa watu wema kabla ya hapo walilijibu kwa namna nyingine.

Ofisi ilifunguliwa tena tulipopata nafasi ya kupumua kidogo. Maduka hayakuwa na mkate, na petroli ilikuwa ya kuviziwa. Baba Apiyo akarudi kazini akitembea kwa miguu kutoka Kibera, akachukua gari lake, akapeleka mkate kwao ambako hakuna dereva mwingine aliyekubali kwenda. Lakini kulipakia ilibidi alipakie Kawangware. Siku moja nikasikia kupitia plywood wanaume wawili wa pale mtaani wakizungumza na Mkubwa. Hawakupiga kelele. Walimwambia wateja hawamtaki yule mtu wake wa ziwani huku, na kwamba wao wanamfikiria yeye Mkubwa, gari lake, biashara yake. Mkubwa alikohoa sana. Mwishowe akasema hawezi kumfuta mtu bila sababu. Mmoja wao akasema sababu haikosekani. Mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na woga, na mwaka ule woga ulifanya kazi nyingi ambazo watu walidhani ni za ubaya.

Sababu ikatoka kwenye kompyuta yetu. Mwisho wa juma Mumbua aliendesha programu, na ripoti ikatoka kwenye printa na kwenda kwa Mkubwa kama kawaida: gari la Baba Apiyo, mteremko wa kushuka kuelekea Nyayo Highrise, kilomita mia moja na thelathini kwa saa. Mimi nilicheka. Gari lile lingesukumwa kutoka kwenye ghorofa lisingefika mia na thelathini. Lakini Mkubwa hakucheka. Alimwita Baba Apiyo, akamwonyesha karatasi, akamwambia akabidhi funguo na akae nyumbani mpaka aitwe, na sote tulijua kwamba hangeitwa. Baba Apiyo aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Nilingoja ajitetee. Alivua kofia yake ya sufi, akaivaa tena, akaweka funguo mezani na kutoka. Alikuwa na watoto watano na huo ulikuwa mwezi wa kupeleka watoto shule.

Mumbua hakula mchana huo. Aliacha kuisoma ripoti akaanza kuisoma mistari yenyewe, ile aliyoitapika kupe, mmoja baada ya mwingine, kidole kwenye kioo. Kilichomsumbua, aliniambia, ni kwamba ile kasi ya ajabu ilitokea kila siku na mahali pale pale, juu ya mteremko ule ule. Mwendawazimu hakimbii kwa ratiba. Nilikuwa namwekea chai alipokishusha kidole. Akasema kwa sauti ndogo, "Nimegawanya kwa kumi." Sikuelewa. Akanionyesha. Kupe huandika kila sekunde kumi, kwa hiyo katika programu yake alikuwa amepima umbali kati ya mstari na mstari na kuugawanya kwa kumi, siku zote, bila kuitazama saa iliyoandikwa pale pale kando. Na hapa, juu ya mteremko, kulikuwa na mistari iliyokosekana. Kupe alinyamaza, kisha akaanza tena chini kabisa. Ilikuwa imepita nusu dakika, na yeye alikuwa ameigawanya kama sekunde kumi. Gari lilikuwa limekwenda arobaini na tatu.

Alisimama. Nilijua anakokwenda na nikamshika mkono. Nilimwambia maji yakimwagika hayazoleki, arekebishe programu kimya kimya, ripoti ijayo itoke nzuri, halafu tutafute namna. Yeye mwenyewe alikuwa kibarua, hana barua ya kazi, na Mkubwa hakuwa katika hali ya kuambiwa kwamba mashine aliyoitegemea ilidanganya. Akanijibu kwamba mashine haikudanganya, ni yeye aliyedanganya kwa mkono wa mashine. Akaenda. Kupitia plywood nilimsikia akisema bila kuzungukazunguka kwamba programu ni yake, kosa ni lake, na dereva hakufanya mia na thelathini. Kisha Mkubwa, ambaye hakuwa mjinga, akauliza swali.

"Hiyo arobaini na tatu ni wastani, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo angeweza kukimbia mia hapo juu, halafu ashike breki."

Nilimwomba Mungu amtie Mumbua uongo mdogo mdomoni. Angesema tu haiwezekani, mambo yangeisha.

"Inawezekana," akasema. "Hapo katikati sijui."

Mkubwa akamwambia basi akishajua amwambie. Alipotoka nilikuwa na hasira naye, nikamwuliza kama uaminifu wake ndio utakaolipa karo ya watoto wa Baba Apiyo. Alikubali kwamba hautalipa. Akasema kama angeijaza nafasi ile kwa neno zuri asilolijua, angekuwa amefanya kitu kile kile alichofanya mwanzo, ila tu safari hii kwa kumpendelea. Nilimwona mkaidi. Leo nikijiuliza ni nani aliyesimama wima katika siku zile, namwona yeye, kwa sababu mwaka ule kila mtu alikuwa na uhakika. Jirani alionekana hapa jioni, nyumba ikaungua pale asubuhi, na watu walijaza katikati kwa jambo baya kuliko yote waliloweza kufikiria. Sikumsikia mtu mwingine akisema hajui.

Barabara zilipotulia kidogo tulikwenda kumtafuta. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji na yeye ndiye aliyekuwa na jina la kuulizwa, na tulipokaribia Olympic nikamshika mkono kama watoto wa shule. Kijana mmoja aliyekuwa amekalia gurudumu akatuuliza, "Niaje, huyo ni wa wapi?" Nikamwambia ni dada yangu. Akatutazama. Mumbua akasema, "Mimi nilifuata mama," na yule kijana akacheka bila kupenda, akatuachia njia. Baba Apiyo alitupokea kama wageni wa harusi. Nyumba ilikuwa chumba na pazia, vitambaa vyeupe kwenye viti, na mke wake, Mama Apiyo, akatuletea ugali na omena waliokaangwa na nyanya. Nilimtazama Mumbua. Alikula. Alikula mpaka wa mwisho, bila kufumba macho, na baadaye aliniambia kwamba wanatazama kweli, lakini hawasemi kitu.

Baada ya chakula akamweleza mzee alichokosea, akamwomba msamaha mbele ya mkewe na watoto. Kisha akamwuliza kupe hunyamaza kwa nini pale mteremkoni. Baba Apiyo akaangalia paa. Mama Apiyo akakusanya sahani kwa kelele zaidi kuliko ilivyohitajika, akasema, "Waambie, Baba Apiyo. Si kazi imeshaenda?" Ndipo akasema.

"Petroli ilikuwa hakuna, mtoto wangu. Mkubwa anakupa kidogo, anakuambia fika Kibera yote urudi. Sasa pale Highrise mi huzima gari kabisa, naiachilia na free, bila gia, inashuka yenyewe polepole. Chini naiwasha na gia. Ukifanya hivyo siku yote, unapata ya kufika maduka ya mwisho."

Gari likizimwa, tundu la sigara nalo huzimika, na kupe analala. Ilikuwa rahisi hivyo. Lakini kuzima gari mteremkoni nako kulikatazwa na Mkubwa, tena kwa haki, maana injini ikizimwa breki huwa ngumu kama jiwe. Ndiyo sababu mzee alinyamaza siku ile. Kujiokoa na kosa ambalo hakulifanya, ilibidi akiri lile alilolifanya. Mumbua hakumficha hilo. Alimwambia ataweza kumwonyesha Mkubwa ukweli wote au asionyeshe kitu, nusu haiwezekani, na kwamba achague mwenyewe. Mzee akamtazama mkewe. Akasema wote, basi.

Mkubwa alikubali jaribio nadhani kwa sababu alichoka kuogopa. Fundi wa umeme wa magari alimuunga kupe moja kwa moja kwenye betri ili asilale hata funguo zikizimwa. Baba Apiyo akashika usukani, Mkubwa akaketi kando yake amejifunga mkanda, na mimi na Mumbua tukapanda nyuma kati ya kreti tupu. Juu ya mteremko injini ikanyamaza. Sijawahi kusikia kimya kama kile ndani ya Nairobi. Nilisikia matairi, upepo, kreti zikigongana kidogo, na mwanamke kando ya barabara akimwita mtoto. Tulishuka mara kadhaa hivyo hivyo, na kila tulipofika chini gari lilikohoa na kuwaka. Mara ya mwisho Mkubwa alisema tupitilize mpaka ndani Kibera. Alipoona watu walivyotoka walipoisikia pikapu, wakidhani imeleta mkate, alishusha kioo akawaambia kesho.

Ofisini Mumbua akamuunga kupe. Programu mpya haikugawanya kwa kumi; iliangalia saa ya mstari na saa ya mstari unaofuata, ikagawanya kwa muda uliopita kweli. Hakuna mstari uliokosekana. Namba zikashuka kwenye kioo, thelathini na nane, arobaini na moja, arobaini na sita, na hapo zikaanza kurudi chini. Mkubwa alisimama nyuma yetu akazisoma zote, midomo ikitembea. Akauliza kuhusu kuzima gari. Mumbua akasema hapo dereva alikosea. Mkubwa akatikisa kichwa, akamgeukia Baba Apiyo, akamwambia safari nyingine petroli ikiwa haitoshi amwambie, asimwulie gari wala watu. Kisha akamrudishia funguo. Wale wanaume wawili walirudi baada ya siku chache. Nilikaa kando ya plywood nikiwa nimeshikilia kalamu bila kuandika. Mkubwa alikohoa kama kawaida yake, akasema, "Nilitafuta sababu. Sikupata." Wakaondoka, na sikuwaona tena pale.

Tangu hapo ripoti zetu zikawa na tabia mpya. Mahali popote kupe aliponyamaza, programu haikuandika namba. Iliandika SIJUI, kwa herufi kubwa. Mkubwa alinung'unika kwamba anamlipa mtu ili ajue, na Mumbua akamwambia analipwa pia ili aseme asipojua. Nilikaa naye miezi mingine kadhaa katika chumba kile cha mabati, kwa hiari sasa, nikajifunza kuandika programu zangu za kwanza kwenye kompyuta isiyo na kitambaa. Kazi ninayoifanya mpaka leo ilianzia pale. Sijakutana na mwalimu mwingine niliyempenda hivyo.

Haya yote yalikuwa yakinipitia kichwani chini ya lile hema, mkono wake ndani ya wangu, mwanaume mzima aliposimama kuzungumza. Alikuwa mtoto wa mwisho wa Baba Apiyo, yule ambaye karo yake ilikuwa hatarini mwezi ule kabla hajajua karo ni nini. Alisema baba yake aliwasomesha wote kwa usukani. Alisema aliendesha gari mpaka macho yakamkatalia. Akasema kwamba mzee yule, katika maisha yake yote, hakuwahi hata siku moja kupita themanini. Watu wakaitikia amina. Mumbua akavua miwani akafuta macho, akaniinamia sikioni.

"Hiyo sijui," akasema. "Mimi najua tu ya Highrise."

Nilijifunika uso kwa leso. Mama mmoja aliyekuwa karibu akanipapasa mgongo akiniambia pole, pole mama, nilie tu, na nikalia, ingawa nilikuwa nimeanza kwa kucheka.